Wasomaji Wauliza: Kuwapiga Picha Wachezaji Dansi Wanaokua

Barua nne kati ya zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili zinahusu jambo moja: picha za watoto na vijana wanaojifunza dansi, zinazopigwa mwaka baada ya mwaka na mtu yuleyule. Tumezifupisha bila kubadili hoja zake, na tumeondoa majina ya walioziandika kwa sababu watoto wanaotajwa ndani yake wangeweza kutambulika.

SWALI: Ndugu mwandishi wa safu hii, pokea salamu zangu. Kwa miaka mingi nimejitolea kupiga picha katika darasa la dansi ambamo binti yangu anajifunza. Watoto waliokuja wakiwa hawajui hata kufunga kamba za viatu vyao sasa ni vijana wanaowasaidia wadogo zao. Nina maelfu ya picha, lakini nikizipanga kwa miaka sioni kukua kwao. Naona mavazi, taa na tabasamu. Ni kitu gani kinachokosekana, na je, nimechelewa?

JIBU: Hujachelewa, ndugu yangu, na kazi uliyoifanya haikupotea bure. Kinachokosekana katika picha zako ni kitu kisichobadilika. Onyesho la jukwaani hubadilisha kila jambo kwa wakati mmoja: mavazi ni mapya, taa ni nyingine, vipodozi vinamfanya mtoto wa miaka minane aonekane wa kumi na minne, na dansi yenyewe si ile ya mwaka uliopita. Mtazamaji akikuta yote yamebadilika, jicho lake hushika lile linalong'aa zaidi, yaani vazi, na mtoto mwenyewe humponyoka. Ili ukuaji uonekane, sharti pawe na kitu kilichotulia ambacho mtazamaji atalinganishia.

Wapo wapiga picha waliolielewa hili mapema. Nicholas Nixon wa Marekani alianza mwaka 1975 kumpiga picha mkewe pamoja na dada watatu wa mkewe huyo, akaendelea mwaka baada ya mwaka kwa zaidi ya miaka 40, na mara zote wanawake hao wanne walisimama kwa mpangilio uleule kutoka kushoto kwenda kulia. Rineke Dijkstra wa Uholanzi alimpiga picha mwaka 1994 msichana mdogo aitwaye Almerisa, ambaye familia yake ilikuwa imekimbia vita vya Bosnia, akiwa ameketi kitini na miguu yake haifiki sakafuni. Aliendelea kumpiga picha akiwa ameketi hadi mwaka 2008, na katika picha ya mwisho ya mfululizo huo Almerisa amempakata mtoto wake mwenyewe. Hao hawakuwa wachezaji dansi, lakini mbinu ni ileile: kiti kilibaki kiti, na kwa sababu hiyo miguu iliyokuwa ikining'inia, kisha ikagusa sakafu, ilisema yote.

Katika chumba cha mazoezi ya dansi, kitu cha namna hiyo tayari kipo, nacho ni upau uliofungwa ukutani ambao wanafunzi huushikilia wanapopasha mwili moto. Upau hausogei. Mwanafunzi anayeanza huushika ukiwa karibu na mabega yake, na miaka michache baadaye upau uleule umefika usawa wa kiuno. Katika vyumba vingi pau ni mbili, ya chini na ya juu, na siku mtoto anapohamia ile ya juu ni siku yenye thamani kuliko maonyesho mengi, ingawa hakuna anayempigia makofi. Chagua mahali pamoja mbele ya upau huo, ikiwezekana pale mwanga wa dirisha unapoingia kwa upande. Weka alama sakafuni unaposimama wewe na anaposimama yeye. Tumia lenzi ileile, na kamera iwe katika kimo kilekile. Kisha mpige kila mmoja picha moja ya mwili mzima, akiwa amesimama kama alivyofundishwa kusimama, mara moja au mbili kwa mwaka. Usimwombe atabasamu. Mtoto anayeambiwa atabasamu hukupa uso ambao amejifunza kuwapa wageni, na uso huo haubadiliki sana hata miaka ikipita.

Baada ya hiyo, sogea karibu na utazame mkono. Mtoto wa miaka sita huukamata upau kwa ngumi nzima, kidole gumba kimezunguka chini, vifundo vimetoka, kwa sababu anauhitaji ili asianguke. Akiwa na miaka tisa au kumi, ngumi hufunguka na vidole huanza kulala juu ya mti. Akifika miaka kumi na sita, kama amefundishwa vizuri, mkono unaugusa tu, mwepesi kiasi kwamba mwalimu angeweza kuuondoa upau na kijana akabaki amesimama. Hakuna tuzo wala picha ya jukwaani inayoonyesha miaka kumi ya kazi kwa uwazi kama mikono hiyo mitatu ikipangwa sambamba. Mimi huamini kwamba mpiga picha asiyewahi kupiga mikono ya wachezaji hajaanza kuwapiga picha.

Usisahau pia nyakati wasipocheza. Watoto hujifunza kwa kuwatazama wakubwa zao, wakiwa wameketi pembeni, vinywa wazi, miguu ikifuata hatua bila wao kujua. Mpige mtoto huyo anayetazama, na miaka ikipita mpige tena akiwa yeye ndiye anayetazamwa.

Kuhusu maelfu ya picha ulizo nazo, zipitie upya ukitafuta vitu vilivyotulia ambavyo hukuvipanga: kona ileile ya chumba, zoezi lilelile la kupasha mwili, dansi ambayo darasa huirudia kila mwaka. Tarehe zimehifadhiwa ndani ya faili zenyewe, kwa hiyo kompyuta itakusaidia kuzipanga. Ni uchambuzi wa kuchosha, lakini nakuhakikishia utazikuta, kwa sababu mtu anayepiga picha mahali pamoja kwa miaka mingi huzoea kusimama mahali palepale.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa dansi na ndiye ninayewapiga picha wanafunzi wangu. Picha za kuruka zinanishinda. Ama zinatoka na ukungu, ama namkuta mtoto ameshaanza kushuka. Niliposhauriwa kuongeza kasi ya shata, yaani pazia la kamera linalofunguka na kufunga ili mwanga uingie, picha zikaanza kutoka na michirizi ya giza. Isitoshe, mbinu niliyoizoea kwa wadogo hainifai tena kwa wakubwa.

JIBU: Mwalimu, sentensi yako ya mwisho ndiyo iliyobeba jibu, kwa hiyo nianze nayo. Mtoto mdogo anayeinuka sentimita 15 kutoka sakafuni hukaa hewani kwa takriban theluthi moja ya sekunde tu. Kijana anayeinuka sentimita 40 hukaa hewani kwa zaidi kidogo ya nusu sekunde. Kamera inayopiga picha 10 kwa sekunde itapata takriban picha tatu za yule mdogo kabla hajagusa sakafu, na huenda hakuna hata moja iliyo nzuri. Ndiyo maana kubonyeza na kuachia kamera ijitafutie si mbinu ya kutegemea. Kila mwaka mwanafunzi anapopata nguvu mpya miguuni, muda wake wa hewani hurefuka, na wewe unalazimika kumjifunza upya.

Habari njema ni kwamba mwili unaoruka hupunguza mwendo kadiri unavyopanda, husimama kitambo kidogo kileleni, kisha ndipo huanza kushuka. Nusu nzima ya muda wa kuwa hewani hutumika katika robo ya juu kabisa ya kimo cha mruko. Hapo mwili kwa jumla hauna haraka, na kasi ya 1/500 ya sekunde hutosha kwa kawaida. Mikono na nywele ndizo zinazoweza kudai 1/1000. Ukimkuta ameshaanza kushuka, umechelewa kubonyeza, kwa kuwa jicho linapoona kilele, kidole huwa bado hakijafika. Bonyeza anapokuwa bado anapanda. Wewe una faida ambayo mpiga picha mgeni hana: unaujua muziki na unaijua hatua inayofuata. Hesabu pigo la muziki, si mwendo wa mwili. Barbara Morgan, mpiga picha wa Marekani ambaye picha zake za mchezaji dansi Martha Graham za miaka ya 1930 na 1940 bado hutazamwa hadi leo, alikuwa akiitazama dansi kwanza mpaka aielewe, kisha akachagua mienendo michache ya kupiga. Njia hiyo haijazeeka.

Michirizi ya giza inatokana na taa, si na kamera mbovu. Taa nyingi za mirija, na baadhi ya taa za LED, huwakawaka kufuata umeme. Umeme wa hezi 50 huifanya taa ya namna hiyo iwake na kufifia mara 100 kwa sekunde, kasi ambayo macho yetu hayaioni. Shata ikifunguka kwa muda mfupi kuliko mzunguko huo mmoja, sehemu ya picha hupata mwanga na sehemu hukosa. Zipo kamera zenye mpangilio wa kuzuia tatizo hilo, na inafaa uuwashe. Tumia shata ya kawaida badala ya ile ya kielektroniki isiyo na sauti, ambayo mara nyingi huzidisha michirizi. Kama haya hayasaidii, zima taa na upige mchana kwa mwanga wa dirisha, huku ukipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 3200 au 6400 bila woga. Chembechembe katika picha husameheka. Uso uliopotea kwa ukungu hausameheki.

Flashi usiitumie kabisa. Mchezaji anayezunguka hukaza macho kwenye nukta moja, akakiacha kichwa nyuma huku mwili ukigeuka, kisha kichwa hugeuka upesi na kuirudia nukta ileile. Ndivyo anavyojikinga na kizunguzungu. Flashi ikimpiga usoni wakati huo humwondolea nukta yake, na anaweza kuanguka.

SWALI: Nakusalimu kwa heshima. Binti yangu ana miaka 13. Tangu akiwa mdogo amekuwa akinikimbilia kila anaponiona na kamera darasani. Mwaka huu amerefuka ghafla, anapoteza usawa katika mizunguko aliyokuwa akiimudu, na akiniona nimeinua kamera anageuka ukutani. Anasema anaonekana vibaya. Naogopa kwamba nikiacha, mfululizo wa picha zake utakuwa na pengo ambalo halitazibika. Je, niendelee kumpiga kwa siri, nikitumaini kwamba atanishukuru baadaye?

JIBU: Hapana, dada yangu. Usimpige kwa siri, hata mara moja. Najua jibu hili linauma, kwa sababu umempenda kupitia kamera hiyo kwa miaka mingi, na ndiyo sababu nataka nilieleze kwa kirefu.

Tuanze na mwili wake. Katika kubalehe, wasichana wengi hufikia kasi kubwa zaidi ya kurefuka wakiwa na umri wa karibu miaka 12, na wavulana karibu miaka 14, ingawa wapo wanaotangulia na wapo wanaochelewa. Mwili haukui wote kwa pamoja: nyayo na viganja hutangulia, miguu na mikono hufuata, kiwiliwili huja mwisho. Mtoto ambaye kwa miaka saba amejifunza mahali ulipo uzito wake hujikuta na miguu mirefu kuliko ile aliyoizoea, misuli iliyokaza kwa sababu mifupa imeitangulia, na usawa uliohama. Mizunguko miwili aliyoifanya mwezi uliopita leo inamwangusha. Hajasahau dansi wala hajawa mvivu. Anajifunza kucheza kwa mwili mpya, na walimu wenye busara hupunguza mazoezi ya kuruka na kujinyoosha katika kipindi hicho ili asiumie. Kila anachokifanya wakati huu anakifanya mbele ya kioo kikubwa cha ukutani, kando ya wenzake ambao huenda hawajaanza kurefuka. Kamera ikija juu ya hayo, yeye haioni kama kumbukumbu. Anaiona kama hukumu.

Kuna hatari nyingine ambayo haifai kufichwa. Wachezaji dansi vijana, hasa wa baleti, wamo katika hatari kubwa zaidi ya kupata matatizo ya ulaji kuliko vijana wengine. Picha, na zaidi ya picha maneno yanayosemwa juu ya picha, yanaweza kuchochea jambo hilo. Mbele ya binti yako usiseme kwamba picha fulani inamwonyesha mwembamba, hata kama umekusudia kumsifu, wala usikubali mtu yeyote atumie programu ya kompyuta kumpunguza kiuno au kumrefusha miguu. Ukimsifu, sifu kazi: namna alivyousikiliza muziki, namna alivyoanguka akainuka na kuendelea.

Mkataba wa Haki za Mtoto uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989 unatambua katika kifungu cha 12 kwamba mtoto mwenye uwezo wa kuunda maoni yake ana haki ya kuyatoa katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Kifungu cha 16 kinalinda faragha yake. Mwili wake na picha zake ni mambo yanayomhusu kuliko mengine yote. Anapogeuka ukutani ametoa maoni yake, na ameyatoa kwa adabu.

Historia ya sanaa ina mfano ambao haunitoki akilini. Mwaka 1881, jijini Paris, msanii Edgar Degas alionyesha sanamu ya nta ya mwanafunzi wa dansi wa miaka 14, akiwa amesimama, kidevu juu, mikono nyuma. Leo nakala zake za shaba zimo katika makumbusho makubwa na watu huzitazama kwa upendo, lakini ilipoonyeshwa mara ya kwanza wahakiki waliudharau uso wa msichana huyo wakaufananisha na wa mnyama. Tunajua jina lake, Marie van Goethem. Yeye mwenyewe alisema nini juu ya sanamu ile, au juu ya yale yaliyoandikwa kuhusu uso wake, halikuandikwa popote, na sidhani kwamba kuna aliyemuuliza.

Kwa hiyo, muulize. Mwambie wazi kwamba unaiweka kamera chini mpaka atakaposema yeye, na utimize ahadi hiyo hata siku ya onyesho ambapo mikono yako itawasha kwa hamu. Baada ya wiki chache unaweza kumwuliza kama yapo mambo ambayo angeyaruhusu: viatu vyake baada ya mazoezi, kitambaa alichofungia kidole kilichochubuka, kivuli chake sakafuni, mgongo wake akiwa na rafiki zake. Akikubali, mwonyeshe yeye picha zote peke yake kabla ya mtu mwingine yeyote, na zile atakazozikataa zifute mbele ya macho yake. Huenda pia akapenda kuishika kamera mwenyewe na kuwapiga wenzake. Vijana wengi wasiopenda kutazamwa wana jicho kali la kutazama.

Na pengo likibaki, libaki. Atakapozipanga picha zake akiwa mtu mzima, mwaka huo usio na picha atauelewa kuliko mtu yeyote, na atajua pia kwamba mama yake alimsikiliza.

SWALI: Shikamoo. Nina miaka 19 na nimecheza dansi tangu utotoni katika darasa moja. Mpiga picha wetu, mzee tunayemheshimu sana, ana picha zangu za miaka yote hiyo. Ningependa kuwa nazo, lakini naona haya kuomba. Pia zipo chache alizoziweka mtandaoni nikiwa na miaka kumi na kitu ambazo sizifurahii. Je, nina haki ya kumwomba aziondoe?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kuomba si utovu wa adabu, na kwa yote mawili una hoja.

Katika nchi nyingi hakimiliki ya picha huwa ya aliyeipiga, isipokuwa pawe na mkataba unaosema vinginevyo, kwa hiyo hawezi kulazimishwa kirahisi kukukabidhi kila kitu. Hata hivyo, hakimiliki haimpi mtu ruhusa ya kuionyesha dunia picha ya mtoto bila kikomo. Wazazi wako waliporidhia picha zile zipigwe, waliridhia kwa niaba yako kwa sababu ulikuwa mdogo. Sasa ridhaa ni yako. Kwa maoni yangu, kila mpiga picha wa watoto anapaswa kuomba ridhaa upya kila mwaka, kwa mzazi na kwa mtoto mwenyewe, na mtoto anapotimiza miaka 18 amwite, waketi pamoja, wazipitie picha zote, ajue zipi zibaki, zipi zitoke na zipi apewe. Asiyefanya hivyo si lazima awe na nia mbaya. Wengi hawajaambiwa tu.

Nenda kwake kwanza kwa mazungumzo, ana kwa ana, umshukuru kwa miaka aliyotumia, kisha umweleze unachotaka. Omba faili asilia, si nakala zilizopunguzwa kwa ajili ya simu, kwa sababu hizo hazitachapika vizuri kwa ukubwa. Ukizipata, weka nakala tatu: mbili katika vifaa viwili tofauti na ya tatu mahali pengine kabisa, mbali na nyumba yako, halafu zifungue kila baada ya muda uhakikishe bado zinasomeka, maana diski huharibika bila kuaga. Chache unazozipenda zichapishe kwenye karatasi, na nyuma ya kila moja andika kwa penseli laini tarehe na majina ya wenzako waliomo. Majina ndiyo yanayosahaulika mapema kuliko unavyodhani.

Kwa zile zilizoko mtandaoni, mwandikie baada ya mazungumzo ili pawe na kumbukumbu. Taja picha moja moja, si "picha zangu zote", na sema wazi kama unataka ziondolewe kabisa au zibaki bila jina lako wala jina la darasa. Mwombe pia aangalie kama faili alizopandisha zina taarifa za mahali zilipopigwa, kwa kuwa kamera za simu huziandika zenyewe ndani ya picha, na wadogo zako bado wanakwenda darasani hapo kila wiki. Asipokujibu kwa muda wa kutosha, tovuti kubwa za kijamii zina fomu za kuomba picha iondolewe, na baadhi yake zina utaratibu maalumu kwa picha za mtu aliyekuwa mtoto ilipopigwa. Weka nakala ya barua yako na ya majibu utakayopata.